Nunua Miaka, Usinunue Bei: Kompyuta za Mtumba kwa Shule na Vyuo

Haya ni maandishi ya mada iliyotayarishwa kwa mikutano ya bodi za usimamizi, walimu na wazazi katika Kaunti ya Nyeri.



Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini yeyote aliyezoea soko la Karatina anajua kwamba koti la mtumba lililochaguliwa vizuri laweza kumshinda nguvu koti jipya la dukani. Mnunuzi wa Karatina halinunui koti kwa kulitazama kwa mbali. Hulipindua akaona mishono, akavuta zipu, akachunguza kwapa na mifuko, ndipo akauliza bei. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akiketi kwenye bodi ya shule anaweza kuidhinisha ununuzi wa kompyuta 30 ambazo hakuna mwanachama hata mmoja aliyewahi kuziwasha.

Mada hii inahusu kompyuta zilizokwisha kutumika na zile zilizokarabatiwa, ambazo wauzaji wengi huziita eks-UK. Jambo kuu ni moja: kompyuta ya mtumba ipimwe kwa miaka ya kazi iliyobaki ndani yake, kisha bei ilinganishwe na miaka hiyo. Shule inayoangalia bei peke yake hulipa mara mbili. Hulipa siku ya kununua, na hulipa tena wanafunzi wanapozunguka mashine nne zinazowaka huku nyingine zikiwa mapambo ya mezani.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Mtaala wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa msingi ambao kila mtoto anatakiwa kuupata. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na somo la kompyuta limo katika mkondo wa sayansi na teknolojia. Kwa wale wanaomalizia mfumo wa 8-4-4, mtihani wa kompyuta wa KCSE una karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo na mradi. Mwanafunzi ambaye hakuigusa kibodi ya kutosha kabla ya mtihani hawezi kufidia upungufu huo kwa kukariri daftari usiku.

Upande wa pili kuna mkoba. Kiwango ambacho Serikali ya Kitaifa iliweka kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka, na fedha hizo zinatakiwa kugusa kila kitu kuanzia vifaa vya masomo hadi umeme na ukarabati. Katika hali hiyo, kompyuta mpya kwa darasa zima hubaki ndoto kwa shule nyingi, na mtumba ndio mlango ulio wazi.

Ni vyema pia kila mzazi ajue nani anawajibika wapi. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, yaani vile ambavyo wengi bado wanaviita polytechnic. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na ununuzi wake hupitia bodi za usimamizi na fedha za NG-CDF katika maeneo bunge ya Tetu, Kieni, Mathira, Othaya, Mukurweini na Nyeri Mjini. Ushauri uliomo humu unafaa kote, kwa sababu kompyuta mbovu haiulizi ni serikali gani iliyoilipia.

Somo la tableti

Wazazi wengi wanakumbuka ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza iliyotolewa mwaka 2013. Mradi huo ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, uligeuka kuwa wa tableti, na vifaa vilitolewa kupitia vikundi viwili vilivyoongozwa na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha JKUAT. Zaidi ya vifaa milioni 1 vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 nchini, pamoja na projekta na mashine za walimu.

Hilo lilikuwa jambo kubwa, na watoto wengi waligusa skrini kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Hata hivyo liliacha somo. Betri ya tableti ikifa, kuibadilisha ni kazi ya fundi maalumu, na mara nyingi gharama yake haina maana. Kifaa kisichofunguka kirahisi hakina maisha ya pili. Ndiyo maana bodi inayofikiria mtumba inashauriwa iachane na tableti kuukuu na ielekeze macho kwenye kompyuta za mezani na laptopu za ofisini, ambazo fundi wa kawaida wa Nyeri, Nanyuki au Kerugoya anaweza kuzifungua kwa bisibisi na kubadilisha kipuri.

Zinatoka wapi

Kampuni kubwa, benki, vyuo vikuu na ofisi za serikali za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, hata kama bado zinafanya kazi. Mashine hizo hukusanywa, husafishwa, hufutwa data, huwekwa programu upya na kuuzwa. Nyingi ni za daraja la ofisi: Dell OptiPlex na Latitude, HP EliteDesk na EliteBook, Lenovo ThinkCentre na ThinkPad. Zilitengenezwa kwa kazi ya kutwa nzima, na kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Huo ndio uzuri wa mtumba. Laptopu ya ofisi yenye umri wa miaka mitano mara nyingi ni imara kuliko laptopu mpya ya bei ya chini kabisa.

Kenya ina historia yake katika kazi hii. Computers for Schools Kenya, shirika lisilo la kibiashara, lilianzishwa mwaka 2002 kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni, kwa kufuata mfano wa mpango wa Canada ulioanza mwaka 1993. Computer Aid International la Uingereza ni miongoni mwa mashirika yaliyoleta mashine nchini, na Camara Education, lililoanzishwa Dublin mwaka 2005, lilifanya kazi ya namna hiyo kutoka Mombasa. Kilichoyapa mashirika haya uzito ni kwamba hayakuona kazi yao kuwa ya kushusha maboksi getini tu. Walimu walifunzwa, mashine zikafungwa, na swali la kompyuta iliyokufa itakwenda wapi likatafutiwa jibu. Muuzaji yeyote wa leo anaweza kupimwa kwa mizani hiyo.

Tarehe iliyobadilisha soko

Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta zenye programu hiyo hazikuzimika siku hiyo, lakini kila upenyo mpya unaogunduliwa na wahalifu wa mitandao hubaki wazi. Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Kwa kompyuta zenye prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 au cha baadaye, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Matokeo yake sokoni ni rahisi kuelewa. Ofisi za ng'ambo zina mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo hazina tena kazi kwao. Bei yake imeshuka, na wauzaji wanazileta kwa furaha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bodi ikipigiwa simu na mtu asiyemjua, akitoa kompyuta nyingi kwa bei ya kushangaza na kutaka jibu kabla ya Ijumaa, swali la kwanza liwe: ni za kizazi gani?

Kizazi kinasomeka kwenye namba ya prosesa. Muuzaji akisema "ni Core i5", bado hajasema lolote, kwa sababu kumekuwa na Core i5 za miaka mingi. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. i5-4590 ni ya kizazi cha 4. i5-6500 ni ya kizazi cha 6. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na vivyo hivyo i5-8250U ya laptopu. Tarakimu zikianza na 10, 11 au 12, basi hicho ndicho kizazi chake, kama i5-10400. Namba hiyo haionekani kwenye kibandiko cha nje kila mara, kwa hiyo iwashwe mashine na isomwe kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo.

Wananchi wanaifahamu kanuni hii kutoka kwenye magari. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, na kila mnunuzi wa gari huuliza mwaka wa kutengenezwa kabla ya kuuliza rangi. Prosesa za kizazi cha 8 zilianza kuuzwa mwaka 2017. Bodi ikijiwekea kanuni ya namna hiyo, kwamba haitanunua chochote kilicho chini ya kizazi cha 8 kwa matumizi ya Windows, itakuwa imejiepusha na sehemu kubwa ya hasara.

Zipo njia mbili kwa shule ambayo tayari ina mashine za zamani. Ya kwanza, Microsoft imeweka mpango wa kulipia masasisho ya ziada ya Windows 10, na kwa taasisi za elimu zenye mkataba wa leseni bei yake ni dola 1 kwa kompyuta katika mwaka wa kwanza, dola 2 katika wa pili na dola 4 katika wa tatu. Ya pili ni kuweka mfumo wa Linux kama Ubuntu au Linux Mint, ambao haulipiwi na huendelea kupata masasisho, pamoja na LibreOffice kwa kuandika, kukokotoa na kuandaa mawasilisho. Linux huipa mashine ya kizazi cha 4 uhai mpya. Lakini mwalimu wa somo aulizwe kwanza. Kama wanafunzi wanaandaa mradi wa hifadhidata kwa programu fulani, darasa lisihamishwe katikati ya mwaka.

Hesabu ya miaka

Chukua mfano wa shule ya kutwa yenye shilingi 300,000. Bei zinazofuata ni za mfano tu, na kila bodi iweke zake.

Muuzaji wa kwanza anatoa kompyuta 30 za mezani kwa shilingi 10,000 kila moja. Ni za kizazi cha 4, zina RAM ya GB 4 na diski za zamani za kuzunguka. Muuzaji wa pili anatoa laptopu 15 kwa shilingi 20,000 kila moja. Ni za kizazi cha 8, zina RAM ya GB 8 na diski za SSD. Siku ya uzinduzi, picha ya kompyuta 30 itapendeza zaidi.

Sasa ihesabiwe miaka. Tuseme zile 30 zitafanya kazi inayoridhisha kwa miaka 2. Hiyo ni miaka 60 ya kompyuta, na kila mwaka mmoja wa kompyuta umegharimu shilingi 5,000. Tuseme zile 15 zitafanya kazi kwa miaka 5. Hiyo ni miaka 75 ya kompyuta, na kila mwaka umegharimu shilingi 4,000. Mashine nusu zimetoa kazi kubwa kuliko mashine zote.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Kompyuta ya mezani kuukuu na skrini yake ikitumia wati 120 kwa saa 4 kwa siku, mashine 30 zitakula uniti 14.4. Laptopu 15 zikitumia wati 40 kila moja kwa saa hizohizo zitakula uniti 2.4. Tofauti ni uniti 12 kwa siku, au uniti 2,280 katika siku 190 za masomo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 20 kwa uniti, hizo ni shilingi 45,600 kila mwaka. Katika miaka 2, pesa hizo zingenunua laptopu nne zaidi.

Laptopu zina faida nyingine milimani. Mvua kubwa inapokata umeme Othaya au Tetu, kompyuta ya mezani huzimika na kazi ya mwanafunzi ikapotea. Laptopu yenye betri nzuri humpa mwalimu nafasi ya kumaliza kipindi. Upande wake mbaya ni kwamba huibiwa kirahisi, kwa hiyo chumba chenye mlango wa chuma na kabati la kufunga ni sehemu ya bei.

Kukagua kama mnunuzi wa Karatina

Muuzaji wa kweli hataogopa ukaguzi. Bodi iombe mashine mbili za mfano na iziache zikifanya kazi kutwa nzima shuleni, mikononi mwa mwalimu wa kompyuta. Kisha yakaguliwe mambo haya.

Kwanza, diski. SSD ni bora kuliko diski ya kuzunguka, na tofauti yake huonekana kwa macho. Mashine huwaka kwa sekunde badala ya dakika, na kipindi cha dakika 40 hakiishi kwa kusubiri. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski na idadi ya saa ilizofanya kazi. Hiyo ndiyo mita ya kilomita ya kompyuta.

Pili, RAM. GB 8 ndiyo iwe chini kabisa kwa Windows 11. GB 4 hukubalika kwa maandishi ya kampuni lakini humchosha mtumiaji. Ulizwe pia kama kuna nafasi ya kuongeza baadaye.

Tatu, betri. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Betri iliyozaliwa na 50,000 na sasa inashika 20,000 imebaki na asilimia 40. Hiyo ihesabiwe kuwa betri ya kubadilishwa, na bei ipunguzwe.

Nne, kufuli za mwenye mali wa zamani. Mashine nyingine hufika zikiwa na nywila kwenye mipangilio ya ndani kabisa, BIOS, ambayo fundi hawezi kuifuta kwa kuweka Windows upya. Iwashwe huku ikibonyezwa F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, irudishwe papo hapo.

Tano, leseni. Ukurasa wa mipangilio ya Windows huonyesha kama imeidhinishwa kihalali. Windows iliyovunjwa kufuli kwa programu za wizi mara nyingi huja na virusi ndani yake, na virusi hivyo vitasafiri kwenye flashi za wanafunzi hadi kwenye kompyuta ya bursa.

Sita, mwili wenyewe. Kila kitufe cha kibodi kibonyezwe, kila tundu la USB lijaribiwe, skrini itazamwe ikiwa nyeupe na ikiwa nyeusi, bawaba zifunguliwe na kufungwa. Wauzaji hutumia madaraja ya A, B na C, lakini kwa kawaida madaraja hayo huzungumzia mikwaruzo ya nje. Mashine ya daraja B yenye diski nzima ni bora kuliko ya daraja A yenye diski inayokata roho.

Karatasi zinazoilinda shule

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inazihusu shule na vyuo vya umma. Katika ununuzi wa kuomba bei, maombi hupelekwa kwa wauzaji wasiopungua watatu. Maelezo ya kinachotakiwa hayapaswi kufungwa kwenye chapa moja, kwa hiyo yaandikwe kwa vipimo: kizazi cha prosesa, ukubwa wa RAM, aina ya diski, kiwango cha chini cha afya ya betri, na kwamba mashine zilizokarabatiwa zinakubalika. Bodi ikiandika "kompyuta 20" bila kuongeza neno, imemwachia muuzaji kalamu.

Mashine zote ziwe za modeli moja kadiri iwezekanavyo. Zikiwa za aina moja, chaja ya mashine iliyokufa huisaidia iliyo hai, na mwalimu hujifunza matatizo ya aina moja badala ya kumi.

Kamati ya ukaguzi na upokeaji izifungue zote, si mbili za juu ya boksi. Namba ya siriali ya kila mashine iandikwe kwenye hati ya upokeaji na kwenye rejista ya mali kabla ya malipo. Waranti iandikwe kwa miezi, ikisema wazi nani analipa usafiri wa kurudisha mashine Nairobi. Ankara iwe ya eTIMS. Muuzaji anayekataa haya amejibu swali kabla halijaulizwa.

Misaada nayo ipite mlango huohuo. Mfadhili mwema anaweza kuleta lori la mashine za mwaka 2010 bila kujua kwamba anaiachia shule mzigo. Bodi ina haki ya kushukuru, kuomba orodha ya modeli mapema, na kukataa zisizofaa kwa maandishi ya heshima. Ofisi za umma zinazobadilisha kompyuta pia zinaweza kuzihamishia taasisi nyingine ya umma, kwa kuwa sheria hiyo inautaja uhamisho kati ya njia za kuondoa mali. Mkuu wa shule anayetaka kunufaika na njia hiyo aombe kwa barua, akionyesha chumba alicho nacho na mwalimu atakayezitunza.

Baada ya lori kuondoka

Bodi inashauriwa isitumie bajeti yote kwenye mashine. Katika kila shilingi 100, karibu 30 ziwekwe kando kwa soketi salama, vilinda umeme, meza, kufuli, mafunzo ya walimu na vipuri vya mwaka wa kwanza. Vumbi la Kieni huziba feni, na ukungu wa Julai huacha unyevu kwenye vyumba vya mabati. Mashine zipulizwe vumbi kila muhula, na zisiwekwe sakafuni wala chini ya paa linalovuja.

Intaneti isiyo ya uhakika isiwe sababu ya kufunga chumba. Kompyuta moja nzuri inaweza kuwekwa Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti, au Kolibri, inayobeba masomo na mazoezi, kisha nyingine zote zikasoma kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani wa chumba. Bando halihitajiki.

Ujuzi wa kukarabati nao upo karibu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri National Polytechnic na vyuo vya ufundi vya wadi vina vijana wanaotafuta mahali pa mafunzo ya nyanjani. Shule inayowapokea wawili kila muhula hupata matengenezo, na vijana hao hupata kazi halisi ya kuandika kwenye wasifu wao. Kwa vyuo vya ufundi, ukarabati wa kompyuta wenyewe ni biashara ya kufundisha.

Inapokufa

Kila kompyuta ya mtumba iko karibu na mwisho wake kuliko ile mpya, na mwisho huo lazima upangwe. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Tangu Januari 1, 2025, kanuni za Mkataba wa Basel zinataka taka zote za kielektroniki zivuke mipaka kwa idhini ya nchi inayozipokea. Nchini, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa wanaoleta bidhaa sokoni.

Kwa shule, maana yake ni hii. Zile skrini nzito za zamani zenye mgongo zina risasi ndani ya kioo chake, na skrini bapa za awali zina zebaki kwenye taa zake. Zikivunjwa nyuma ya jikoni, au nyaya zikichomwa ili kupata shaba, sumu huishia kwenye udongo na maji yanayoteremka Chania, Gura na Sagana. Mkataba wa kununua useme kama muuzaji atazipokea mashine zilizokufa. Asipokubali, kuna wachakataji wenye kibali, kama WEEE Centre ya Nairobi, na shule jirani zinaweza kukusanya zao pamoja na kugawana gharama ya lori.

Kabla mashine haijatoka getini, diski yake ifutwe kabisa au itolewe. Majina ya wanafunzi, alama, rekodi za karo na namba za simu za wazazi vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kubonyeza "futa" peke yake hakutoshi, kwani faili zilizofutwa hivyo hurudishwa kwa dakika chache.

Kwa kumalizia

Nyeri ina historia ya kujinunulia elimu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilianza miaka ya 1970 kikiwa Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, kwa harambee ya wananchi. Watu hao walichanga kidogo kidogo kwa ajili ya kitu walichotaka kidumu hadi wajukuu wakitumie, na wajukuu wanakitumia.

Mzazi anayetoa shilingi 500 kwa ajili ya chumba cha kompyuta leo ana haki ya kuuliza maswali manne katika mkutano wa shule, na anapaswa kujibiwa bila kukasirikiwa. Ni za kizazi gani? Nani amezikagua zikiwa zimewashwa? Waranti ni ya miezi mingapi? Zikifa zitakwenda wapi? Bodi iliyo na majibu hayo kwenye kumbukumbu zake iko tayari kununua. Isiyo nayo isubiri muhula mmoja. Mashine za mtumba hazitaisha sokoni, na bei yake kwa kawaida hushuka kadiri siku zinavyokwenda.